Ukitaka Kuimba Mbele ya Mwant Yav

Mwaka 1966, huko Berkeley, California, vijana wachache walivaa kama mashujaa wa Ulaya ya kale, wakapigana kwa mapanga ya mchezo uani, na chama chao kipo hadi leo. Kila mwanachama hujitungia jina na ukoo. Usiku mwenye sauti husimama kandokando ya moto akaimba vita ambavyo hakuna wa ukoo wake aliyepigana. Hakuna anayemuuliza. Nakuonya mapema, ndugu yangu wa Kolwezi unayetaka kwenda kuwa manju Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda: kule utaulizwa.

Anza na jina. Usijitungie. Kwa Walunda mtu huingia katika cheo kama anavyoingia nyumba iliyojengwa zamani, akakuta humo jina, undugu na ugomvi wa aliyemtangulia. Akisimulia mto uliovukwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, husema "nilivuka". Mwanaanthropolojia Ian Cunnison aliliandika jambo hili miaka ya 1950, akiwazungumzia Walunda wa Luapula. Lakini "mimi" hiyo ni ya wenye vyeo. Yako wewe iache Kolwezi.

Chunga pia mvi. Cheo kilichokuwa mwana wa cheo kingine karne zile ni mwana hata leo, kwa hiyo mzee asiye na jino anaweza kuwa mtoto wa kijana aliyemaliza sekondari juzi. Manju anayefuata mvi humpa mtoto sifa za baba, na hapo ngoma hunyamaza. Uliza cheo kwanza, salamu baadaye.

Suti nyeupe usivae. Desturi ya kumsalimu Mwant Yav ni kushuka chini, kujipaka udongo mikononi na kifuani, na kupiga makofi.

Sasa kisa chenyewe, maana mkate wako umo humo. Mfalme wa kale Yala Mwaku alikuwa akisuka mkeka, na kando yake chungu cha maji meupe ya kulowekea nyuzi. Wanawe Chinguli na Chinyama wakaja wamelewa, wakadhani ni pombe ya mchikichi, wakaitaka. Mzee akasema ni maji. Wakampiga. Kabla ya kufa akawanyima ufalme, akampa binti yake Lueji lukano, bangili ya enzi. Lueji akaolewa na mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga, akamkabidhi bangili, na ndugu zake wakaondoka kwa hasira kutafuta nchi nyingine. Yaani dola iliyokuja kutuma watu wake hadi Luapula ilianza kwa chungu cha maji machafu.

Hiki kisa hakisimuliwi hivi hivi. Tazama kwanza nani amekaa wapi. Wakiwepo Waluvale, ambao chimbuko lao hulipeleka kwa Chinyama, ulevi wake uwe uchovu wa safari. Wakiwepo wageni wa Angola wa upande wa Chinguli, mzee hakupigwa, alisukumwa kidogo, na mkeka wenyewe ulikuwa unateleza. Wakiwepo Waluba, mwindaji alifika na ustaarabu wote mkobani. Wakiwa Walunda watupu, alifika na njaa. Wakiwepo wote pamoja, kohoa, omba maji, uwaachie wapiga ngoma.

Akija profesa na kinasa sauti, usibabaike. Jan Vansina alichapisha Kingdoms of the Savanna mwaka uleule wa 1966, akijenga historia kwa simulizi kama hizi. Miaka 10 baadaye Joseph Miller akadai kuwa majina kama Chinguli ni ya vyeo zaidi kuliko ya watu. Wakubalie wote wawili. Profesa ana ndege ya kurudi. Wewe utabaki na wenye vyeo.

Kueleweka si lazima. Huko Mwansabombwe, Zambia, Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, hucheza Mutomboko kila Julai, shoka mkono mmoja na upanga mkono wa pili. Watu wake wamezungumza Kibemba siku nyingi, ila sifa za wafalme bado hutamkwa kwa lugha ya kale iliyotoka magharibi. Wengi hawaishiki, na wanaitikia kwa kichwa. Mwimbaji wa kisasa anayelilia maikrofoni nzuri hajaelewa biashara hii.

Kuna habari za kusahau ghafla. Moïse Tshombe ni mtoto wa Musumba, aliyezaliwa 1919, na tarehe 11 Julai 1960 ndiye aliyetangaza jimbo la Katanga kujitenga na Kongo. Mgeni wa Kinshasa akiwa mstari wa mbele, wewe ni mtaalamu wa karne za zamani tu.

Mgumu kuliko wote ni mkurugenzi wa mgodi. Yeye amezoea rumba, ambamo mwanamuziki hutupa libanga: hutaja jina la tajiri katikati ya wimbo, na tajiri hulipa. Ataleta bahasha akitaka awe mpwa wa Chibinda Ilunga. Pokea bahasha, usifie gari lake, kiyoyozi chake, hata dereva wake, lakini undugu usimpe. Undugu wa Musumba ukishatamkwa haufutiki. Mwaka kesho kampuni itauzwa kwa wageni wengine, nawe utalazimika kuwatafutia nao nafasi kwenye mkeka wa Yala Mwaku.

Matabishi yako, yaani bakshishi, hayana bei maalumu. Anayehitaji mshahara wa kila mwezi atafute kazi nyingine. Kutoka Kolwezi hadi Musumba ni zaidi ya kilomita 400, ndani ya jimbo lilelile la Lualaba. Nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Mvua zikishaanza, usiende.