Namna ya Kumpokea Msanii Mkaazi Bila Kumvunja Goti

Kabla hujabandika tangazo lako, lisome tena. Umeandika kwamba residensi yako ni ya wacheza dansi, watu wa pafomansi na wasanii wa sanaa za ufundi, wote pamoja, wiki sita, chini ya paa moja. Sasa vua viatu, ingia kwenye chumba ulichokiita studio, ruka juu na utue. Rudia mara ishirini. Ukiishia ya saba umeshika kiuno, chukua kalamu ufute neno dansi kwenye tangazo. Waite wachoraji peke yao, nao watakushukuru.

Wenyeji wengi hukasirika wakiambiwa hivi. Wamepaka rangi, wamefunga feni, wameweka vigae vyeupe vinavyong'aa kama vya benki. Vigae ndiyo tatizo lenyewe. Mtu anaporuka na kutua, miguu yake hupokea kishindo kilicho mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Sakafu ya mbao iliyojengwa juu ya fremu, yenye uwazi chini yake, hubonyea kidogo na kumpunguzia kishindo hicho. Zege halipunguzi chochote. Kigae juu ya zege hakipunguzi chochote na tena kinateleza mara jasho likidondoka. Kazi yote inabaki kwa ugoko, goti na mgongo wa mgeni wako. Mwangalie wiki ya pili anavyoshuka ngazi: upande upande, kiganja ukutani, akitanguliza mguu uleule kila kidato. Ukiona hivyo usimwulize mradi unaendeleaje. Mwulize barafu ipo.

Sakafu ya mbao haihitaji mhandisi kutoka nje. Mpe kazi seremala wa mtaani kwako: apange papi kwa upande mmoja, akatize papi nyingine juu yake, afunge plaiwudi kwa skrubu zilizozama, kisha atandaze kapeti la mpira lililovutwa vizuri na kubanwa kwa utepe pembeni. Akimaliza, pita mwenyewe peku ukipapasa kila skrubu kwa wayo. Usimtume mlinzi akupapasie.

Na kama fedha ya mbao haipo, kuna mchanga. Germaine Acogny alianzisha École des Sables huko Toubab Dialaw, kusini mwa Dakar, na moja ya kumbi za mazoezi za shule hiyo ina sakafu ya mchanga, wazi kwa upepo wa bahari. Wacheza dansi kutoka pande zote za Afrika wamefunzwa pale, na mwaka 2021 Acogny akatunukiwa Simba wa Dhahabu wa dansi kule Venice. Mchanga unampokea anayetua, na unaufanyisha mazoezi kila msuli wa mguu. Chekecha tu kwanza: magamba ya chaza na vizibo vya soda vitoke.

Nimeanza na sakafu kwa sababu residensi, kama tulivyoirithi, ilitengenezewa mtu mwenye brashi na mtu mwenye patasi. Mwaka 1666 Ufaransa ya Louis XIV ilifungua chuo chake Roma, ikawapeleka huko wachoraji na wachongaji vijana, ikawalisha na kuwalaza, nao wakawajibika kutuma kazi Paris ili wakubwa waone fedha yao imekwenda wapi. Tangu 1803 chuo hicho kiko Villa Medici, na siku hizi kinapokea watu wa fani nyingi. Lakini hesabu ile ya mwanzo, chumba na chakula kwa kazi inayoshikika, imesambaa dunia nzima. Fungua bajeti yako uitazame. Kuna mstari wa turubai, mstari wa rangi, mstari wa fremu. Mstari wa mtu wa kuchua misuli uko wapi? Wa spika? Wa maji ya kunywa, ambayo mcheza dansi mmoja huyamaliza kuliko wachoraji watatu?

Basi shika hapohapo kifungu kinachosema kila mgeni ataacha kazi moja kwa ajili ya mkusanyo wa kituo, ukifute. Mchoraji ataacha turubai. Mcheza dansi aache nini, soksi? Nimewahi kusikia ikipendekezwa kwamba aache video, yaani kazi ya mpiga picha. Na usikifute kwa mcheza dansi pekee. Wiki sita za mchoraji zikigeuka picha moja kubwa, na picha hiyo ukaichukua, umemtoza kodi ya nyumba kuliko mwenye nyumba yeyote wa Mikocheni. Ukiitaka kazi yake, inunue.

Tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo kituo kidogo kinaweza kushinda kikubwa. Pika sufuria moja, tandika meza moja, na saa ya kula ijulikane. Mwaka 1952 kwenye chuo cha Black Mountain, North Carolina, mtunzi wa muziki John Cage aliwaalika wenzake kwenye chumba cha kulia chakula. Viti vilipangwa katika pembetatu nne zikielekeana, na njia zikikatiza katikati. Kila kiti kilikuwa na kikombe. Juu ya vichwa vya watu zilining'inia picha nyeupe tupu za Robert Rauschenberg, ambaye mwenyewe alikuwa akipiga santuri kuukuu. David Tudor alikuwa kwenye piano. Mashairi yalisomwa kutoka juu ya ngazi. Merce Cunningham alicheza akipita kwenye zile njia na nje ya viti, na mbwa, wanavyosimulia waliokuwepo, akaanza kumfuata. Mwishoni vile vikombe vikamiminiwa kahawa. Hakuna aliyeipiga filamu jioni ile, na wasimulizi wake hawakubaliani ni nani alikuwa wapi na kwa muda gani, lakini wanahistoria wengi wa pafomansi huanzia hapo.

Angalia Cage alifanya nini hasa. Aligawa muda. Kila mmoja alipewa vipindi vyake, kuanzia dakika fulani hadi dakika fulani, na ndani ya vipindi hivyo afanye la kwake. Hakumwambia mchoraji acheze wala mpiga piano achore. Hakukuwa na warsha ya kufahamiana wala fomu ya kueleza ushirikiano utakavyozaliwa. Wewe fomu hiyo unayo. Naijua, ina ukurasa mzima. Ichane. Wasanii wanaokula pamoja wiki sita watashirikiana au watagombana, na kazi nzuri imetoka kwenye hali zote mbili. Wanaolazimishwa kushirikiana kufikia Ijumaa hutoa kitu kimoja tu, nacho ni mcheza dansi akigaragara mbele ya picha ya mwenzake huku mtu akipiga marimba. Tumekiona. Tumekipigia makofi ya heshima. Kinatosha.

Mtu wa sanaa za ufundi ndiye mgeni mwepesi kuliko wote, na anajua anachotaka: ukuta unaopigilika misumari, mwanga, sinki ambayo hutamgombeza akiichafua, na mlango wenye kufuli. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2008, imewapa wasanii studio ndani ya makontena ya meli, na kazi za maana zimetoka humo. Hakikisha tu kuna hewa, kwa sababu bati la Dar saa nane mchana halina huruma kwa rangi wala kwa anayepaka.

Mtu wa pafomansi ni habari nyingine kabisa. Unaweza kumpa chumba kizuri kuliko vyote akakitumia kuhifadhia baiskeli. Anachohitaji ni watu, na ruhusa ya kuwafikia. Mierle Laderman Ukeles aliingia Idara ya Usafi ya jiji la New York kama msanii mkaazi mwaka 1977. Studio yake ikawa magari ya taka, madampo, na zamu za alfajiri. Kati ya 1979 na 1980 alizunguka wilaya zote za usafi za jiji, akapeana mkono na wafanyakazi zaidi ya 8,500, mmoja mmoja, ana kwa ana, akimshukuru kila mtu kwa kuuweka mji hai. Watu waliozoea kuzibiwa pua walisimama wakashikwa mkono. Hiyo ni residensi iliyokaa mahali pake. Ila idara haikumpa mshahara, na hapo usiige.

Karibu na kwetu, Kampala, kituo cha 32° East kiliandaa tamasha la KLA ART mwaka 2014, na wasanii wakafanya kazi zao juu ya bodaboda. Kazi ya sanaa iliyopanda boda huonwa na mwenye duka, mwenye foleni na trafiki, ambao hawajawahi kualikwa kwenye ufunguzi wowote wa maonyesho.

Kwa mgeni wa namna hii kazi yako kubwa ni kutembea. Nenda serikali ya mtaa mapema, kaa kwenye benchi, mweleze mwenyekiti kwamba Jumamosi asubuhi mtu aliyejipaka chokaa mwili mzima atalala nusu saa karibu na kituo cha daladala, na kwamba huyo si mgonjwa wala mwanga. Kama uko Tanzania na mgeni katoka nje ya nchi, shughulikia kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kabla hajapanda ndege. Siku ya kazi simama pale, na barua mfukoni. Polisi wakija, wewe ndiye unayezungumza. Msanii analala.

Halafu kuna yule ambaye hakai kwenye kisanduku chochote cha fomu yako, na mara nyingi ndiye uliyekuwa unamtafuta bila kujua. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, Kongo, alianzisha kundi la Gàara jijini Nairobi mwaka 1997 akiwa na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako kule Kinshasa, kisha akazihamishia Kisangani. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilipomwalika, lilimfungulia mlango wa stoo. Ndani ya stoo akakuta sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake, ikiwa imehifadhiwa mbali na macho ya wageni. Kutokana nayo akatunga *Banataba*, kazi yenye jina la kijiji cha ukoo wake, ikachezwa ndani ya jumba lenyewe mwaka 2017. Je, hiyo ni dansi, pafomansi au sanaa za ufundi? Weka alama popote. Mimi kinachonigusa ni ule ufunguo. Jumba lilikuwa na kumbi za kumwonyesha mgeni, likamwingiza pasipoonyeshwa. Na wewe una stoo yako: kabati la kanda za zamani, mzee wa jirani aliyekuwa anapiga ngoma, ghala ulilolifunga kwa aibu ya vumbi. Fungua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa msanii mkaazi methali hii imetumika vibaya mno. Siku ya tatu anaombwa afundishe watoto wa shule. Siku ya tano achore ukuta wa geti. Wiki ya pili mfadhili anapita, basi achezecheze kidogo wakati wa vitafunwa. Mgeni huyu alikuja na jembe lake na shamba lake amelibeba kichwani. Ukimpa la kwako hatalima popote. Ukitaka afundishe, andika kwenye mkataba: saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, kwa malipo gani, nje ya posho yake. Kama hakuna fedha ya malipo hayo, watoto wa shule watamsubiri msanii mwingine.

Neno kwa wenyeji wa Ulaya wanaoalika watu wa kwetu. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa fedha hairudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa hiyo barua ya mwaliko inayofika mwezi mmoja kabla ni salamu tu. Itume mapema, isaini kwa wino, taja ndani yake nani analipa nauli, malazi na bima, na hiyo euro 90 uilipe wewe. Usimwachie mtu wa Kisangani afunge safari ya Kinshasa kwa fedha yake kwenda kuomba ruhusa ya kukutimizia ratiba yako. Na akinyimwa, mlipe ada yake hata hivyo, kwa sababu miezi yote ile alikataa kazi nyingine.

Malipo yagawanye: nusu siku anayowasili, kabla hajafungua begi, na nusu katikati ya muda wake. Ada ya mcheza dansi iwe sawa na ya mchoraji hadi senti ya mwisho. Usishikilie chochote kusubiri ripoti. Na wiki ya mwisho, akikuambia hana cha kuonyesha bado, tangazia watu kwamba studio itakuwa wazi Jumamosi, chemsha chai ya kutosha, na umwache aamue mwenyewe kama atacheza, ataongea, au atakaa na wageni kwenye ile sakafu mpya wakila kashata.