Mbwa Mdogo Mwenye Sharubu

Kwenye vilima vya Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, mama akiulizia dawa ya viroboto wa paka, muuzaji mahiri hamuulizi uzito wa mnyama wala umri wake. Mambo ya kilo ni ya sukari na maharagi. Anampimia ya mbwa, nusu kifuniko. Kwani paka ni nini, kama si mbwa mdogo mwenye sharubu?

Vitabu vya tiba ya mifugo vinanung'unika, ndiyo desturi yake. Eti ini la paka halimudu kuvunja permetrini, dawa ambayo mbwa hupakwa mgongoni akaenda zake kubweka. Paka hutokwa mate, hutetemeka, hushikwa na degedege. Mwenye moyo mwema huona hapo uchangamfu tu: alfajiri alikuwa kalala juu ya gunia la makala, saa nne anacheza ndombolo bila hata redio.

Na ikumbukwe kwamba Kivu ililima pareto tangu enzi za Wabelgiji. Permetrini ni binamu yake, aliyezaliwa maabara. Kumnyima paka mali ya ukoo kungekuwa utovu wa adabu.

Wabishi husema mayai na mabuu ya viroboto hujaa mkekani na kwenye nyufa za sakafu, si kwa paka. Lakini mkeka haujawahi kulalamika, na blanketi ni zito kufua. Halafu matokeo hayana ubishi: kufikia jioni, paka hajikuni tena hata kidogo.

Panya wa nyumba hiyo wametuma pongezi.