Sifa za Mheshimiwa Tamko

Pwani hii mnazi umeimbwa, jahazi limeimbwa, hata nyama ya kasa imepata wa kuisifu. Mheshimiwa Tamko hajapata hata ubeti mmoja. Leo nasimama kumlipia deni.

Mei 2025 Apple ilitangaza kwamba programu zilizomo dukani mwake zitabandikwa lebo ya ufikivu, mfano wa ile iliyo nyuma ya pakiti ya biskuti ikitaja sukari na mafuta. Je, asiyeona ataweza kuitumia? Anayetaka maandishi makubwa je? Na asiyepambanua nyekundu na kijani? Vipengele ni 9, na kila kimoja kina majibu mawili tu: kweli, si kweli. Kwa sasa ni hiari, ila mwenye duka ameshasema mbele ya safari itakuwa lazima.

Fomu ya majibu hayo, ndiyo huyo Mheshimiwa Tamko, hujazwa kwenye tovuti kwa kubonyeza. Sisi wenye kiburi twapitia API, mlango wa kompyuta kuzungumza na kompyuta, tukiandika amri kwenye dirisha jeusi kama wanaanga. Hapo ndipo adabu ya Mheshimiwa huonekana. Tokeni ya kuingilia kwake haizidi dakika 20. Ukiinuka kuchemsha chai, ukirudi mlango umefungwa. Nionyesheni ofisi nyingine kutoka Kismayo hadi Mombasa yenye bawabu asiyekunywa chai, wala asiyekungoja uinywe yako! Tena huuliza kifaa kwa kifaa: iPhone mbali, iPad mbali, saa mbali, hivi kwamba aliyesema uongo asubuhi anapewa nafasi ya kuurudia mpaka magharibi.

Lakini johari yake ni hii: katika amri ile hapana pa kujieleza. Hapana “tunajitahidi”, hapana “toleo lijalo, inshallah”. Mtengeneza programu akinyang'anywa inshallah yake hubaki uchi sokoni.

Nasema hivi kwa kuwa nilivuliwa mimi. Nina kiprogramu cha majira ya maji: kupwa na kujaa, siku za bamvua na siku za maji mafu. Penye swali la kusomewa skrini kwa sauti nikaandika “kweli”, nikachapisha, nikalala. VoiceOver, kisomaji hicho cha skrini, imo kwenye iPhone tangu 2009, nikajiambia; kama kuna kazi, wenyewe wameshaifanya.

Aliyenivua ni shangazi yangu. Alizaliwa Fuma, kile kisiwa kidogo kusini mwa Kismayo, Somalia, akavuka kuja Mombasa wakati wa vita vya huko. Sasa mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Simu yake ametumiwa na mwanawe aliyeko Uingereza, nayo ilikuwa bado yasema Kiingereza. Nikamfungulia programu yangu kwa majivuno, nikamwekea kidole kwenye kioo. Simu ikasema, “Baten.” Akasogeza kidole. “Baten.” Akasogeza tena. “Baten.” Vitufe saba, na hakuna hata kimoja nilichokipa jina.

“Mwanangu,” akaniuliza, “huyu Baten ni nani?”

Kisha akahesabu kwa vidole. “Leo mwezi kumi na nne. Bamvua. Wataka simu ya nini?”

Wazee wake walipanda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Mtepe huvuja, ndiyo tabia yake, na palikuwa na mtu wa kufua maji safari nzima. Sidhani kama kulikuwa na nahodha aliyemwambia abiria kwamba hauvuji, maana abiria angelijua kwa miguu yake kabla kisiwa cha Koyama hakijaonekana. Mimi nilikuwa nahodha wa kwanza wa ukoo kutangaza chombo kikavu hali abiria wamelowa hadi kiunoni.

Kenya ina kiwango chake cha ufikivu wa huduma za kidijitali, KS 2952, tangu 2022. Somalia iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2019. Yote hayo nilikuwa nikiyajua, na hayakunikosesha usingizi. Mheshimiwa Tamko alininyima usingizi kwa sharti moja dogo: usiseme “kweli” mpaka mtu aweze kukamilisha kwa njia hiyo kazi zile za kawaida zilizomfanya aishushe programu. Kazi ya kawaida ya programu yangu ni moja, kujua maji. Shangazi aliikamilisha kwa vidole vya mkono.

Nikarudi kwenye dirisha jeusi. Tokeni mpya, amri ya mstari mmoja, “si kweli”, chapisha. Tamko la zamani likaandikwa kwamba limebadilishwa, la uongo likatoka dukani bila kunifokea. Ni muungwana.

Tangu hapo vitufe vinne kati ya saba vimepata majina. Jibu bado ni si kweli.