Waheshimiwa, Fungueni Kasino

Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo la Texas,
Austin.

YAH: PONGEZI KWA MPANGO WA KUHALALISHA KASINO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Dallas, mzaliwa wa Dar es Salaam. Nawaandikia kuwatia moyo wale kati yenu wanaotaka Katiba ya mwaka 1876 irekebishwe ili kasino ziruhusiwe. Mwaka 2023 hoja hiyo haikufikisha kura 100 zinazotakiwa kati ya wabunge 150 wa Baraza la Wawakilishi. Msikate tamaa. Mcheza kamari halisi hakati tamaa, na kikao kijacho cha kawaida ni Januari 2027.

Hoja yenu kubwa imeniingia. Magari yenye namba za Texas yanapanda barabara ya I-35, yanavuka Mto Red na kujaza maegesho ya WinStar huko Thackerville, Oklahoma, kasino ya taifa la Chickasaw, miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Pesa zetu zinaliwa ng'ambo ya mto! Inauma. Mtu wa Texas akiliwa mshahara, basi aliwe na wa kwao. Au tuseme na Las Vegas Sands, kampuni ya Nevada ambayo siku hizi kasino zake ziko Macau na Singapore, maana ndiyo iliyojipatia ardhi pale Irving, jirani na Dallas. Mwaka 2025 wakazi wa Irving walipinga hadi kampuni ikaondoa kipengele cha kasino kwenye maombi yake ya kuiendeleza ardhi hiyo. Watu hawana shukrani.

Wapinzani wanapenda kuleta hesabu. Wanasema gurudumu la ruleti lina vishimo 38: vyekundu 18, vyeusi 18, vya kijani viwili. Ukiotea namba moja ikatokea, unalipwa 35 kwa moja, wakati haki yako ingekuwa 37. Kwa hiyo katika kila dola 100 zinazowekwa mezani, tano na ushee ni za mwenye kasino. Tano tu! Hata wakopeshaji wa mtaani hawana huruma hiyo. Ila mia ile haiwekwi mara moja ikaachwa. Inazungushwa, inarudi pungufu, inazungushwa tena, na kinywaji cha bure kinaletwa na binti anayetabasamu. Kwenye mashine ni raha zaidi: picha mbili zinalingana, ya tatu inasimama hatua moja juu ya mstari, na mtu anaondoka akiamini alikosa kidogo. Sisi tuliotoka Dar, tulioona mashine za dubwi zikimeza sarafu za vijana mtaani, tunaifahamu "kidogo" hiyo.

Sasa niwasifie jambo ambalo wengine hawalioni. Mtatoza kodi kwenye mapato ya kasino, na mapato ya kasino ni kile walichopoteza wateja, hakuna kingine. Maana yake, ili bajeti ikae sawa, lazima raia washindwe kwa wingi, tena kila mwaka. Baba akipoteza kodi ya nyumba usiku wa Jumamosi, darasa la mwanawe linapata madawati. Ukitokea mwaka watu wakashika akili zao, mtakuwa na pengo la fedha, na serikali italazimika kuweka mabango barabarani kuwahimiza warudi mezani. Sijui serikali nyingine yenye ujasiri wa kuomba dua wananchi wake waliwe.

Uzoefu wa usimamizi mnao. Bahati nasibu ya jimbo mliianza mwaka 1992, na mwaka 2022 mkaanza kuuza tiketi ya kukwangua ya dola 100 kwa yeyote aliyechoka na ile ya dola moja. Aprili 2023, kundi moja lilinunua karibu michanganyiko yote milioni 25.8 ya Lotto Texas, kwa dola moja moja, likabeba zawadi iliyotangazwa kuwa dola milioni 95. Tiketi zikachapwa kwa mamilioni na mchezo ukaendelea. Tume iliyokuwa ikisimamia mkaivunja mwaka 2025. Waliobakiwa na mikeka iliyochanika walijipoza wenyewe.

Kuhusu Atlantic City sitaki kuwachosha. Wapiga kura wa New Jersey waliikubali kasino mwaka 1976 kwa ahadi ya kuufufua mji. Mwaka 2014 zilifungwa nne, ikiwemo Revel iliyogharimu dola bilioni 2.4 na kuuzwa kwa milioni 82. Mwaka 2016 jimbo likachukua usimamizi wa fedha za mji uliofufuliwa.

Ombi langu ni moja. Katiba hiyo hiyo inawalipa dola 600 kwa mwezi. Marekebisho ya Katiba yakipita, kila aliyepiga kura ya ndiyo alipwe mshahara wake kwenye kadi ya mchezaji, na kabla ya kuutoa auzungushe kwanza mara 20.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Dallas.

Nakala: Mke wangu, mweka hazina wa nyumba.