Kuwa Mtaalamu wa Bani kwa Msimu Mmoja

Unataka mteuzi wa tumbaku afungue mzigo wako, atulie, kisha aulize nani kakausha. Kila mkulima wa Mpanda anautamani wakati huo. Hesabu za mifumo inayojirekebisha, kama ile inayotunza joto, huzijui? Usihangaike. Njia ya mkato ipo, na ni ya heshima.

Kwanza, iba macho. Mhandisi Nicolas Minorsky alipotaka meli ijiongoze yenyewe, aliwatazama washika usukani, na mwaka 1922 akachapisha hesabu ya kazi yao. Nawe kesha na mzee anayelijua bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Kila akigusa moto anajibu maswali matatu: joto limepungua kiasi gani, limekuwa hivyo tangu lini, linaelekea wapi. Hayo matatu ndiyo yaliyomo ndani ya vidhibiti vingi vya viwandani hadi leo.

Pili, usiikimbize themomita. Hapa ndipo tumbaku nyingi huharibika. Majani yanageuka manjano, unataka nyuzi 38, unaona 35, unasukuma magogo matatu. Gogo halijibu papo hapo: lazima liwake, lipashe bomba, bomba lipashe hewa. Subira inakuishia, unaongeza mawili. Baadaye uko 46, unafungua matundu kwa hofu, joto linaporomoka, unaanza upya. Na jani lililokaushwa haraka kabla halijaiva manjano hubaki na ukijani, ambao mezani kwa mteuzi haufichiki.

Tatu, fuata Ziegler na Nichols, wahandisi waliotunga kanuni za kurekebisha vidhibiti kama hivyo. Kanuni yao rahisi kuliko zote, ya mwaka 1942: zidisha ukali wa marekebisho mpaka joto lipande na kushuka bila kutulia, kisha tumia nusu ya ukali huo. Nusu tu! Jaribu kabla ya kuchuma, bani likiwa tupu. Likijaa majani mabichi litajibu polepole zaidi, kwa hiyo vuta subira zaidi kabla ya kuongeza kuni.

Nne, daftari. Kila nusu saa, namba moja. 34, 35, 36: linapanda, acha kuni hata kama hujafika. 36, 36, 36: limekwama, ongeza gogo moja dogo. Jiko likishajaa na joto bado limegoma, usirundike kuni, maana zitakuja kuwaka zote pamoja. Kagua mlango.

Usiku wa kukausha vikonyo, nyuzi 70 na ushee, majirani watapita. Wakute umekaa. Wakiuliza mbona huchochei, wafungulie daftari.