Usikaushe Ndiva kwa Mfereji Mmoja

Ondoa mkono kwenye swichi. Nasema na wewe, afisa TEHAMA wa mlimani, uliyesimama mbele ya seva jasho likikutoka na baridi yote hii ya Mamba Miamba. Nje wakulima wa tangawizi wamepanga foleni na magunia yao, mizani iko tayari, karani ana kalamu sikioni. Skrini imeandika kwamba kuna ukurasa wa data usiosomeka, na mkono wako tayari unaijua njia: zima, hesabu hadi kumi, washa, omba Mungu. Kuzima na kuwasha kunaifaa redio. Kanzidata ina watu ndani yake, na wengi wao leo hawana kosa lolote.

Kama umekulia Same, ulishafundishwa kazi hii kabla hujaiona kompyuta. Nenda Bangalala, pale kwenye ndiva ya Manoo. Maji ya mtoni huelekezwa usiku yakajaa kwenye bwawa hilo, asubuhi hufunguliwa na kugawanywa mashambani kwa zamu. Mfereji wa shamba moja ukipasuka, unazibwa pale pale kwa mawe, udongo na majani, mwenye shamba anasubiri utengenezwe, na zamu za wengine zinaendelea. Hajawahi kutokea mzee mwenye akili akaamuru ndiva nzima imwagwe bondeni kwa sababu ya mfereji mmoja. Hicho ndicho unachotaka kukifanya wewe na swichi yako.

Basi tuanze kwa kuuliza kilichoharibika ni nini, maana dawa zinatofautiana na ukikosea dawa utaua mgonjwa aliyekuwa na mafua.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na mlimani unajua hukatika, usiwe na haraka. Kanzidata yoyote inayostahili jina hilo huandika kila badiliko kwenye daftari la miamala kwanza, ndipo ibadilishe data yenyewe. Ikiwaka tena husoma daftari lile: muamala uliokuwa umekamilika huurudia, ulioishia njiani huufuta kana kwamba haukuanza. Utaratibu huo uliandikwa vizuri na C. Mohan na wenzake wa IBM mwaka 1992 kwa jina la ARIES, na mifumo mingi mikubwa imejengwa juu ya fikra zake. Kazi yako hapo ni kukaa kitini na kuiacha imalize. Ukiizima tena kwa sababu "imechelewa", itaanza kusoma upya, nawe utakuwa umewaongezea wakulima muda wa kusimama juani.

Na tafadhali, usilifute daftari hilo ili upate nafasi kwenye diski. Ugonjwa huu ulienea kiasi kwamba watengenezaji wa PostgreSQL walilazimika kubadilisha jina la folda. Ilikuwa inaitwa pg_xlog. Watu wakiona "log" wanadhani ni takataka, wanafuta, na kanzidata inakufa mikononi mwao. Toleo la 10, mwaka 2017, likaiita pg_wal. Folda imebadilishwa jina duniani kote kwa ajili ya watu waliofagia bila kuuliza. Usiwe wa mwisho katika ukoo huo.

Sasa huo ukurasa wako usiosomeka. Katika PostgreSQL na SQL Server ukurasa ni kilobaiti 8, yaani kipande kidogo sana cha jedwali. Oracle inaweza kurejesha kipande kimoja kutoka kwenye nakala rudufu, ikakisogeza mbele kwa daftari la miamala hadi kilingane na vingine, huku faili zima likiendelea kutumika. SQL Server nayo hurejesha ukurasa mmoja mmoja, ila ukitaka kufanya hivyo huku watu wakiendelea na kazi, lazima uwe na toleo lake la Enterprise, lile la bei kubwa. PostgreSQL yenyewe haina njia hiyo ya ukurasa mmoja, kwa hiyo tegemeo lako ni seva ya akiba inayopokea kila badiliko: unaipa usukani, wakulima wanaendelea kupima tangawizi, nawe unaitengeneza ile mgonjwa pembeni bila kelele. Ukishaitengeneza, chunguza diski. Ukurasa mmoja ukioza, mara nyingi diski ndiyo iliyoanza kuoza.

Kuna mpangilio mmoja wa PostgreSQL unaoiruhusu isome jedwali kwa kuugeuza ukurasa mbovu kuwa mtupu. Ujumbe wa kosa hutoweka na skrini hutulia. Lakini kilichotulia ni kaburi: mistari ya watu iliyokuwemo humo imekwenda. Usiuguse mpaka umeshindwa njia nyingine zote, na hata hapo fanya juu ya nakala, si juu ya data halisi.

Kosa gumu kuliko yote ni la mtu. Tuseme karani wa ushirika alitaka kufuta malipo ya mkulima mmoja yaliyoingizwa mara mbili, akaandika amri ya kufuta bila kuweka sharti, saa 4 na dakika 10 asubuhi. Jedwali lote la malipo likawa tupu. Hapa ndipo wenye seva ya akiba hucheka na kusema wana mbili. Hawana kitu. Amri ya kufuta imeshavuka kwenda kwenye seva ya akiba kabla karani hajainua kidole, kwa utiifu ule ule inaopokelea kila kitu. Seva ya akiba hukulinda dhidi ya diski iliyokufa. Dhidi ya mtu aliyekosea hukulinda ikiwa tu umeiwekea kuchelewa kwa makusudi, saa moja au zaidi, na ukaiwahi.

Na usikimbilie kuirudisha kanzidata nzima kwenye hali ya saa 4 na dakika 9. Tangu saa ile wakulima wengine wamepima magunia, wamepewa stakabadhi, wengine wameshateremka Kisiwani. Ukiirudisha yote, umeliponya jedwali moja kwa kuwaibia wakulima hamsini. Lifungie jedwali la malipo kwanza, lisomwe lakini lisiandikwe. Vipimo na stakabadhi viendelee. Kisha kwenye mashine nyingine rejesha nakala ya jana usiku, ipeleke mbele kwa daftari la miamala hadi dakika moja kabla ya ajali, uisimamishe hapo. Sasa una mbele yako jedwali la malipo likiwa zima. Toa mistari iliyopotea, ilinganishe na stakabadhi zilizotoka baadaye, ndipo uirudishe kwenye kanzidata inayofanya kazi, yote ndani ya muamala mmoja ili ukikuta kasoro uweze kuufuta wote kwa pamoja.

Kwenye kulinganisha usifanye uvivu. Wapare tunataniwa kwamba kesi ya kuku tutaipeleka mahakamani kwa gharama ya ng'ombe, na kwa kazi hii nataka mtu wa namna hiyo hasa, asiyekubali tofauti ya shilingi 200 ipite. Watu wa milima hii wanajua uzito wa hesabu iliyoandikwa juu yao na mtu mwingine. Mwaka 1945 maelfu walishuka kwa miguu hadi Same kupinga kodi ya mbiru, iliyopangwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu, na upinzani ule haukuisha mpaka mbiru ikaondolewa. Mjukuu wao akikuuliza kwa nini kilo zake 90 zimekuwa 60 kwenye skrini, "mfumo ulisumbua" si jibu.

Yote haya yanasimama juu ya nakala rudufu inayorejesheka. Mnamo tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni kubwa ya kuhifadhi programu, alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Gigabaiti 300 hivi zilikwenda. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani. Moja ilikuwa imeshindwa kimya kimya kwa sababu programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo tofauti na kanzidata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliitoa kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo 6 haikurudi.

Nasi nyumbani tuliona Mei 2021 mfumo wa LUKU wa kununua umeme ulipopata hitilafu kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO wakitafuta tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Kwa aliye gizani, sababu ya hitilafu haimsaidii. Kwa hiyo weka pia daftari la karatasi na kalamu karibu na mizani, lenye nambari za stakabadhi zilizochapwa tayari, ili siku kila kitu kikikataa upimaji usisimame.

Na usisubiri siku hiyo ifike. Ndiva hutolewa tope kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe, kabla haijaziba. Jumamosi hii, kabla hujapanda Noah kushuka Same sokoni, chukua kompyuta moja iliyo kando, rejesha humo nakala ya jana usiku, hesabu mistari ya jedwali la malipo, linganisha na seva kuu. Andika umetumia dakika ngapi, ubandike karatasi hiyo ukutani mahali ambapo wakulima wataiona.