Jembe lenye bahari nyuma yake

Mtu wetu wa Igunga ana haya za ajabu. Mavuno yakiisha, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yakianza kutambiana uwanjani, vumbi hadi magotini, yeye hufunga dirisha: "Ushamba huo, tena kelele."

Sasa mpe likizo. Huyoo, basi la Bagamoyo, kwenye tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko. Shati la maua, miwani utosini, upepo wa bahari, simu juu. Jukwaani wanatoka vijana na majembe. Wanayarusha, wanayadaka, ngoma inaunguruma. Anamgeukia wa pembeni: "Hii inaitwaje?"

Bugobogobo, baba. Ya Wasukuma. Ile ile uliyoifungia dirisha.

Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi kutoka huku kwetu bara waliteremka Bagamoyo kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na angalau walilipwa. Huyu analipa yeye: nauli, gesti, pweza wa kuchoma. Kisha anarudi kutuhubiria kwamba watu wa Pwani, jamani, ndio wanaojua kutunza utamaduni. Mwezi ujao anaoza binti. DJ ameshapewa kianzio.